Chungu cha Haja Kitabuni

Mchana ule Shirleen aliachiwa wazee kumi na wawili peke yake, kwa sababu mwenzake wa zamu alikuwa amepiga simu kusema anaumwa. Katika makao yale ya wazee ya Lidcombe hakuna aliyebonyeza kengele kama Bwana Maxwell, aliyewahi kufundisha chuo kikuu mambo ya Ugiriki ya kale. Ndani ya saa moja alikuwa ameita mara nne. Kila mara Shirleen alimshikia chupa ya mkojo, yakatoka matone mawili, au yasitoke kabisa.

"Niwie radhi, binti," mzee alisema. "Wagiriki walikuwa na chungu chao cha kazi hii. Mtu hakutoka hata karamuni, aliletewa pale pale alipo." Akamfungulia kitabu chake. Kwenye picha ya kikombe cha udongo, mtoto mchanga ameketishwa ndani ya kigoda kirefu chenye tundu, ndicho choo chake, anamnyooshea mikono mama aliyekaa mbele yake. "Tazama. Mama hana haraka."

Shirleen hakutazama. Aliuchukua waya wa kengele kitandani, akauweka juu ya kabati, mbali na mkono wa mzee. Dakika kumi tu, alijiambia, nimwogeshe bibi wa chumba cha pili.

Zikawa arobaini. Aliporudi alimkuta Bwana Maxwell sakafuni, suruali imelowa chapachapa, kifundo cha mkono kimevimba.

"Nimekuchafulia sakafu," mzee alisema, akageuzia uso ukutani.

Vanessa, meneja wao, alikuja akauliza kengele ilifikaje kabatini.

"Niliiweka mimi," Bwana Maxwell akajibu.

Shirleen aliinama na taulo, akaendelea kupangusa sakafu. Jioni alipanda treni hadi kwake Toongabbie. Mumewe, Wekesa, alipouliza mbona hali chakula, alisema kichwa kinamuuma.

Kesho yake haikuwa zamu yake, lakini alikwenda. Mkono wa mzee ulikuwa umefungwa plasta.

"Bwana Maxwell, ile kengele niliiondoa mimi."

"Najua. Nilikuona."

"Sasa mbona ulinifichia?"

"Ningekusema, halafu Jumatatu nani angenivua suruali? Si ni wewe?"

Njia nzima Shirleen alikuwa akidhani mzee alimhurumia. Kumbe alimwogopa. Alitaka kumshika ule mkono mzima, akauona unavyojikunja chini ya shuka, akauacha.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Vanessa akaeleza yote, na habari ya kuachwa peke yake hakuitaja. Alisimamishwa kazi wiki mbili, akapewa barua ya onyo, akahamishiwa upande mwingine wa jengo. Wenzake walimwambia ana bahati, wengine hufukuzwa. Yeye hakuiona hiyo bahati.

Siku aliyorudi, alikutana na mzee kwenye korido, mhudumu mwenzake, Bigirimana, akimsukuma kwa kiti cha magurudumu. Shirleen akamwamkia. Mzee aliitikia kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni.