Chai ya Kikombe Kimoja

Dereva wa lori, ambaye wenzake walimwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo, alipofushwa na presha ya macho. Tangu hapo mkewe alimvisha, akamlisha, akamfunga vifungo vya shati kama mtoto wa chekechea. Majirani walimsifu mama huyo kwa subira. Breki mwenyewe alinuna tu.

Hospitali ikamtuma binti wa tiba kazi, wale wanaomfundisha asiyeona kujifanyia mambo yake upya.

"Umekuja kunifundisha kunywa chai?" Breki alimpokea. "Nimeshika usukani wewe hujazaliwa."

"Usukani siujui, mzee. Lete kidole."

Akamwonyesha namna ya kukunja kidole juu ya ukingo wa kikombe, ili joto likimfikia aache kumimina. Akadondosha tone la gundi kwenye swichi ya jiko, pale panapotoa moto wa wastani, likaganda. Sukari akaiweka kushoto, chumvi kulia. Mzee aliungua, akatukana, akarudia.

Binti aliporudi wiki iliyofuata, lile tone lilikuwa limekwanguliwa. Breki akakoroga chai, akaonja, akaitema sakafuni. Ilikuwa ya chumvi. Mlangoni, mkewe alicheka kwa pua.

"Nani amehamisha vitu?" binti aliuliza.

"Jiko ni langu. Mgeni hanipangii pa kuweka chumvi."

"Mama, asipojua kitu kilipo hataweza kujitegemea."

"Na asiweze. Alipokuwa anaona, nikimuuliza anakwenda wapi, ananiambia nitajua akirudi. Leo akitaka hata maji ya kunywa, ananiita kwa upole. Unataka nirudi kulekule?"

Breki alisimama, mkono juu ya meza.

"Kumbe subira yenyewe ndiyo hii."

"Ndiyo hii. Hukuijua?"

Binti hakutafuta neno la kuwapatanisha. "Ugomvi wenu siuwezi," alisema. "Mimi nimefuata mikono yake." Akaweka tone jipya. Vyombo vya Breki akavitia ndani ya sanduku chini ya meza, akalipiga kufuli, na ufunguo akamvisha mzee shingoni. Mkewe akasonya.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja Breki alivaa shati mwenyewe, vifungo vimepishana, akashika fimbo akaelekea jikoni. Mkewe alisimama katikati ya njia, hakusogea. Fimbo ikamgusa mguu.

"Pisha."

"Zunguka."

Akazunguka. Akafungua sanduku lake, akapapasa swichi, akachemsha maji. Akakunja kidole, akamimina, na halikumwagika hata tone. Mkewe alikuwa amezoea kungoja kuitwa. Aliendelea kusimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Na mimi?" aliuliza mwishowe.

"Wewe unaona," Breki alimjibu, akavuta kiti, akanywa.