Maji ya Chupa kwa Marehemu

Siku wanayorudi marehemu, kabla ya adhuhuri, Nana Eutimia alikuwa amekwisha panga meza: maua ya manjano, mkate mtamu, korunda za mahindi zingali ndani ya majani yake, na bakuli la mchuzi wa samaki. Glasi ya maji aliiweka mwisho. Miaka yote alikuwa anateka maji ya ziwa, maana marehemu huja akifuata harufu ya maji aliyoyazoea. Mwaka huu ziwa lilinuka choo. Akaona aibu, akanunua maji ya chupa.

Kengele ya adhuhuri ikalia. Marehemu wa majirani wakapita mlangoni, wakasalimu, kila mmoja akaingia kwao. Mumewe, Tata Abundio, hakuonekana.

Alifika jua likiwa linazama, ana tope hadi kiunoni, ameikumbatia kofia yake ya ukindu kama mtu aliyebeba mayai.

"Umechelewa, Tata," alisema Imelda, binti yao, akimpa taulo.

"Nimepotea. Nyumba yangu mwenyewe nimeipita mara mbili. Maji gani haya hayanuki hata jani?"

"Ya dukani," Eutimia akasema.

"Ya dukani! Mimi nimekuwa mtalii?"

Kwa kukosa harufu alikuwa amepita chini ya ziwa, pale alipokuwa akitega nyavu zamani. Ndani ya kofia mlikuwa na maji, na ndani ya maji mlikuwa na achoki wawili, dume na jike.

Eutimia hakuwa amewaona achoki tangu Imelda akinyonya. Hawa walikuwa wanono, rangi ya udongo, umbo la mjusi, midomo mipana kama watu wanaotabasamu kwa adabu. Matamvua yao ya kupumulia yalisimama shingoni, mekundu. Achoki huzeeka bila kuyaacha matamvua yake ya utotoni, na mguu wake ukikatika huota mwingine. Ziwani walimalizwa na maji machafu, na samaki wa kigeni waliomwagwa humo wakala mayai.

"Kwetu kule chini ziwa ni lile la zamani," Abundio akasema. "Wamejaa tele. Jike huyu ana mayai. Nikaona nikuletee, uwarudishe."

Eutimia hakutaka kitu kingine duniani ila hicho: kuwaona ziwani, wazima, kabla na yeye hajahamia kule.

Asubuhi wakashuka ufukoni wote watatu. Eutimia akakunja sketi, akaingia hadi magotini, akaizamisha kofia polepole. Dume akatoka. Matamvua yake yakalala, yakageuka kijivu. Akapanda juu kugugumia hewa, akazunguka kidogo, kisha akarudi kofiani kwa miguu yake mwenyewe. Jike hakutoka kabisa. Pembeni yao bomba la mji lilikuwa linamwaga maji taka.

Mwenyekiti wa kijiji, Fidensio, alikuwa anapita na kikapu cha mkate wa marehemu mama yake.

"Mwenyekiti," Eutimia alimwita, "ule mtambo wa kusafisha maji utawashwa lini?"

"Tumekwisha uzindua, Nana."

"Kila mwaka mnauzindua," Imelda akadakia. "Utepe mnakata, umeme hamna."

Fidensio akacheka. Akavua kofia kumwamkia Abundio, akachungulia achoki, akasema ni wazuri, wangependeza kwenye kalenda.

"Basi pokea lalamiko langu," Abundio akamwambia.

"Tunapokea ya wakazi walio hai, Tata. Ningependa sana kukusaidia."

"Mbona kura yake mwaka jana mlipokea?" Imelda akauliza.

"Hiyo ni ofisi nyingine, mwanangu."

Akampa kila mmoja kipande cha mkate, akaenda zake.

Nyumbani Eutimia akawatia achoki katika beseni la maji ya mvua, chini ya mchirizi wa paa. Matamvua yakainuka tena, yakawa mekundu. Akachuchumaa kuwatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Adhuhuri, saa ya marehemu kurudi kwao, ilikuwa inakaribia.

"Niachie jike tu," akasema.

"Atataga. Wanawe utawapeleka wapi?"

Eutimia akalitazama beseni, halafu akatazama upande wa ziwa. Akainuka, akaishika kofia, naye Abundio akawachota achoki kwa viganja viwili, mmoja baada ya mwingine.

"Mwakani niwekee maji ya ziwa," Abundio akasema. "Hata kama yananuka."

"Mwakani yatanuka zaidi."

"Basi nitafika mapema."

Kengele ya adhuhuri ikalia. Akaondoka na kofia yake, akienda taratibu, asimwage maji.