Wimbo wa Tisa

Shangazi aliwahi kuimba kwenye bendi. Baada ya kupasuliwa koo, sauti yake ikabaki ya kukwaruza, na watoto wake hawajawahi kumsikia akiimba. Ile sauti ya zamani imebaki kwenye sidii moja tu, na sidii yenyewe imeanza kubanduka ukingoni. Ndipo akaniita mimi nizinakili nyimbo kabla hazijapotea. Shule niliiacha mapema, ila kompyuta tunaelewana.

"Usije ukanilipulia kazi," akasema. "Nakujua."

Nikalipua. Nikaweka programu, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kusoma kitu, nikatoa nyimbo zote kwa MP3, faili jepesi, chai haijapoa. Shangazi akavaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akazivua.

"Visahani vya drams mbona vinatatarika kama mafuta ya kukaangia?"

"Shangazi, hakuna mtu anayesikia tofauti."

"Mimi nimesikia. Au mimi si mtu?"

Mumewe, aliyekaa pembeni, akacheka mpaka akakohoa. Nikarudi kwenye mipangilio, safari hii nasoma. Nikachagua flac, faili zito kweli lakini halitupi sauti yoyote iliyomo kwenye sidii. Nikawasha na usomaji wa uangalifu, ule wa kurudia kila kipande na kulinganisha. Nyimbo nane zikapita vizuri. Wa tisa, ule aliouimba yeye, ukagoma; mara ya kwanza programu iliruka tu makosa. Sidii husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa mwisho ndio umekaa pale panapobanduka.

Nikaitoa sidii, Shangazi akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Lete niifute," mumewe akasema, akaanza kuizungusha kwenye shati lake. "Mimi ndiye huwa naifuta."

"Mjomba, weka chini. Hiyo michirizi yote ya mviringo ni kazi yako."

"Miaka yote natafuta mchawi," Shangazi akasema, "kumbe nalala naye."

Nikachukua kitambaa cha miwani, nikaifuta polepole, kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka. Halafu nikairudisha, nikashusha kasi ya kuzungusha mpaka ya chini kabisa. Sasa ikawa kazi ya kusubiri, na mimi kusubiri siwezi. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Kaa, unanitia kizunguzungu," Shangazi akasema, akanishika mkono. Hakuuachia.

Programu ikasoma, ikakwama, ikarudia, ikakwama, ikasogea. Mwisho ikaandika: hakuna kosa.

Nikachomoa hedifoni, nikaucheza wimbo kwa spika. Kabla ya neno la kwanza ikasikika pumzi, mtu anavuta hewa. Halafu sauti. Nyembamba, ya kichokozi, haina wasiwasi na mtu.

"Huyo ni mimi," Shangazi akasema.

Wimbo ulipoisha akaniambia nirudie. Kisha akaenda kufungua madirisha, moja baada ya jingine.

"Na majirani?" mumewe akauliza.

"Hao ndio ninaowafungulia. Wewe mwanangu, ongeza sauti, na uwapigie simu watoto wangu waje."