Katundu ka Chini ya Kadenasi

Aïcha alikuwa mbanda wangu: mume mmoja alituoa wote wawili na kutuweka kwenye parsele moja, kiwanja kimoja hapa Kabondo, mlango wake ukitazamana na wangu. Tangu Ramadhani alikuwa akiuguzwa kwa binti yake Djamila, kule Lubunga, na huko ndiko alikofia. Asubuhi wakamvusha mto, wakamleta nyumbani aoshwe. Azikwe kabla ya Laasiri, walisema. Lakini sanda yake, aliyojinunulia mwenyewe na kuitunza, ilikuwa chumbani mwake, nyuma ya kadenasi, kufuli la kuning'inia mlangoni.

Ufunguo uliingia. Haukugeuka.

Rashidi, kaka yake Djamila, alisokota mpaka kidole kikavimba. Wanawake wa matanga wakanyamaza, na ukimya wa matanga naujua mimi, huwa unatafuta mtu wa kumkalia.

"Mama mudogo," Djamila akaniambia mbele ya wote, "fungua kile ulifunga."

"Nimefunga nini, mwanangu? Mimi hata mdomo wangu unanishinda kufunga."

Hakuna aliyecheka.

"Mama alikuona. Unakaa pale mlangoni kwako na unyoya wa kuku, unatia dawa kwenye katundu ka chini ya kadenasi yako, unasemasema. Donc akaziba ka kwake na mushumaa, usimutilie na yeye. Sasa unamunyima hata sanda."

Kumbe! Miaka yote ile alikuwa akiniogopa, na mimi nikidhani ananidharau tu. Nikatazama nyuso za majirani, nikaona moja baada ya nyingine inasogea nyuma. Bibi kizee akishaitwa mchawi hapa mjini, haoshi maiti ya mtu, na yake mwenyewe huenda ikakosa wa kuiosha.

Rashidi akainua nyundo.

"Weka chini," nikamwambia. "Ukivunja, mlango utafunguka, lakini mimi nitabaki mchawi."

Nikapiga hatua. Djamila akasimama kati yangu na mlango.

"Bon, sikaribii," nikasema. "Toa pini kwenye kitambaa chako cha kichwa. Chokoa wewe, kwa mkono wako."

Akasita, kisha akachokoa. Nta ikatoka kama punje ya mchele, na nyuma yake maji ya kahawia, yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Iko nini hii?"

"Ni mvua. Inaingilia juu, pale chuma kinapojikunja, na katundu kale ndiyo mlango wake wa kutokea. Mukaifungia ndani na kutu. Papa yenu ndiye alinionyesha, akaniachia mafuta ya cherehani yake. Dawa yangu ndiyo hiyo."

"Na maneno?" akauliza Rashidi.

"Matusi. Naitukana kadenasi. Hiyo hainijibu kama mama yenu."

Mwanamke mmoja akaguna kicheko, akakimeza haraka, maana maiti ilikuwa palepale. Rashidi mwenyewe akaenda kwangu kuchukua kichupa na unyoya. Djamila akatia mafuta katundu kale, akangoja, akatia tena. Ufunguo ukagoma, ukalia, ukageuka.

Sanda ilikuwa kavu. Djamila akatoka nayo mikononi, akapita mbele ya majirani bila kuwatazama, akafika kwangu. Hakuomba msamaha. Ana kichwa kigumu, amekirithi.

"Maji iko moto?" akauliza.

"Vuguvugu, inavyotakiwa."

"Basi kuja. Umushike kichwa."

Wakatuzungushia vitambaa. Nikaweka kichwa cha Aïcha juu ya mkono wangu. Kilikuwa chepesi mno. Tuligombania mume, kuni, kamba ya kuanikia nguo, na katika ugomvi wote ule sikuwahi kumgusa nywele. Zilikuwa laini kuliko zangu, mwanaharamu yule.

"Ungeniuliza tu," nikamnong'oneza.

Djamila alisikia. Akainamisha birika, nami nikamwonyesha kwa kidevu: anza upande wa kulia.