Damu Kwenye Friza la Nguru

Edgar wa maabara alipopiga simu kusema damu ya kipimo imefika Dar es Salaam ikiwa barafu tupu, Wafa alikuwa jikoni anapika vitumbua, na vyote vilivyokuwa kwenye chuma viliungua bila mtu wa kuvigeuza.

"Barafu? Barafu vipi?"

"Barafu, dada yangu. Maabara wamefungua kisanduku wakakuta chupa imeganda. Hapo haipimiki tena. Si nilikwambia isikaribie friji?"

Alimwambia. Tena alimwambia palepale barazani, Raskazone, Tanga, mbele ya mama mkwe wa Wafa, Mamkubwa Harusi, akarudia kabisa: iwekwe kabatini, isipigwe jua, isiingie friji. Na Harusi mwenyewe alikuwa ameitikia kwa sauti, "Kabatini, mwanangu, tumesikia." Sasa mtu aanzie wapi kukasirika? Wafa alizima jiko, akakaa juu ya kigoda, akatazama ukuta.

Maana si damu hiyo tu. Tangu ajue ana mimba, kila aliyemwendea alimpa sababu ya kutaka kupiga kelele.

Alianza na Daktari Beatrisi, mama wa Kisambaa mwenye kliniki yake mjini, mtu mwema lakini mgumu kama mlango wa ghala. Wafa alimwamkia, akaeleza shida yake: anataka kujua mapema kama mtoto ni wa kiume. Daktari akavua miwani.

"Jinsia? Mimba yenyewe bado changa hivi? Binti yangu, mimi nimewaona wengi. Wanakuja kuuliza, wakiambiwa msichana, hawarudi tena na mimba."

"Mimi simtaki mvulana, daktari. Namwogopa."

Ndipo alipomsimulia habari za Taimur. Taimur alikuwa mtoto wake wa kwanza. Siku ya saba alitahiriwa, kama wavulana wote wa nyumba ile, kidonda kidogo ambacho watoto wengine huwa wamekisahau jioni ileile. Taimur hakukauka damu. Walibadilisha vitambaa, wakambana, wakakimbizana hospitali, na alfajiri mtoto akawa hayupo. Tangu hapo Wafa alikuwa na hofu moja tu: akizaa mvulana mwingine, watamkamata tena siku ya saba wampeleke kwenye kisu. Akiwa msichana, atalala usingizi. Akiwa mvulana, atahitaji miezi yote iliyobaki kupigana na nyumba nzima.

Daktari alimsikiliza, sauti ikalainika. "Kuna mvulana mwingine kwenu aliyetokwa na damu namna hiyo? Nakuuliza hasa upande wa mama yako. Kuna ugonjwa wa damu kutoganda, hupita kwa wanawake ukaangukia kwa wavulana wao."

Mama yake Wafa alikufa zamani, Wafa akiwa bado hajui kufunga kilemba. Aliyemlea ni Mamkubwa Harusi, dada wa mama yake, ambaye baadaye alimwoza kwa mwanawe Muhanad ili binti asitoke nje ya ukoo. Kwa hiyo mamkubwa na mama mkwe ni mtu mmoja, na Wafa alirudi nyumbani akamuuliza. Harusi alikuwa anakuna nazi. Hakuinua hata uso.

"Hakuna. Yule mtoto alipigwa jicho."

Basi Wafa akapeleka jibu hilo kliniki, na daktari akaona ni kisu kilichokosea mshipa, bahati mbaya tu. Hata hivyo alimwambia kwamba kipo kipimo cha damu ya mama, cha mapema, kinachoonyesha jinsia ya mtoto na baadhi ya maradhi ya kuzaliwa nayo. Tanga hakifanyiki. Damu hutolewa hapa ikasafirishwa hadi maabara Dar. "Ukitaka, nenda. Sikuzuii, ila moyo wangu haujaridhika."

Muhanad naye alipoambiwa alisema, "Tutapokea atakachojaalia Mungu," kisha akaanza kuzungumzia machungwa ya Muheza na wachuuzi wanaomchelewesha. Ndivyo alivyokuwa tangu msiba. Ukimtajia Taimur, anakimbilia machungwani.

Na Edgar, aliyekuwa wakala wa hiyo maabara, alimpokea kwa meno yote nje. "Hongera sana! Tena tuna hata kifurushi cha maputo, dada. Unaalika watu, unapasua puto, ndani buluu ama waridi. Watu wa mtaa wa Mabawa wanakipenda mno."

Wafa alimtazama hadi tabasamu likamwisha.

Edgar alikuja kumtoa damu nyumbani alasiri ya Ijumaa. Usiku huo alikuwa anakwenda msibani Muheza, hivyo aliwaachia kisanduku wakipeleke wenyewe asubuhi ofisi ya mabasi. Jumamosi Muhanad akakipeleka. Na leo ndiyo habari zenyewe.

Muhanad alipoingia, Wafa alimvamia mlangoni. "Ulichukua wapi kisanduku?"

"Mama alinipa mkononi."

"Kilikuwa cha baridi?"

"Wafa, kila kitu anachonipa mama Jumamosi ni cha baridi!"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuudhi zaidi. Kila Jumamosi Harusi humpelekea binti yake Dar nguru waliogandishwa, na Muhanad huwapeleka kwenye basi bila kuuliza. Muhanad alianza kucheka. "Kumbe damu yako imesafiri na samaki! Basi mama kakosea tu, mkono umezoea."

"Usicheke," Wafa akasema. "Nakuomba usicheke."

Alitoka barazani. Harusi alikuwa amekaa mkekani na ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe.

"Mamkubwa, damu imeharibika."

"Nimesikia. Nilisahau, mwanangu. Uzee."

"Uzee gani? Wewe unakumbuka mahari ya kila msichana aliyeolewa mji huu. Unamkumbuka aliyekuazima sinia mwaka wa mvua kubwa. Utasahau neno uliloambiwa jana yake, ukalirudia kwa mdomo wako?"

Harusi aliendelea kuchagua mchele. Lakini vidole vilikuwa vinaokota mchele wenyewe na kuutupa, mawe yakabaki.

"Sema tu unachotaka," Wafa akasema, na sauti ikapanda, majirani wasikie wasisikie. "Unataka mvulana. Unaogopa kipimo kiseme msichana, uanze kuhuzunika mapema. Nani asiyejua kwamba nyumba hii inataka mvulana?"

"Mimi?" Harusi aliusukuma ungo, mchele ukamwagika mkekani. "Mimi nitake mvulana? Mimi niliyezika wawili?"

Muhanad, aliyekuwa amesimama mlangoni na cheko lililobaki usoni, alisema, "Wawili gani, mama?"

Bajaji ilipita barabarani ikipiga honi, na hakuna aliyegeuka kuitazama.

"Sabiri," Harusi akasema. "Alikutangulia. Alitahiriwa siku ya saba, hakufika ya nane. Na Mudathir baada yake, naye kabla yako, yeye tohara ilimtesa lakini akapona. Alipoota meno akajing'ata ulimi. Ulimi tu, Muhanad. Alitokwa na damu mpaka akawa mweupe." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na mama yako, Wafa, alizika wa kiume kabla hujazaliwa wewe. Ukaja wewe, msichana, tukafurahi tukachinja."

Wafa akakaa pale pale kwenye mchele. "Nilikuuliza. Nilikuja nikakuuliza, ukaendelea kukuna nazi."

"Ningesema nini? Nina mabinti, nina wajukuu wa kike. Watu wangesema damu ya nyumba ile mbovu. Nani angekuja kuposa? Mama yetu alituambia yasitoke nje, nasi hatukuyatoa. Halafu Muhanad akatahiriwa, akakauka siku ileile. Nikasema basi, yamekwisha. Jicho limetuacha."

"Na Taimur?" Wafa aliuliza kwa hasira hasa, hasira aliyokuwa ameigawa kwa daktari na kwa Edgar na maputo yake, na sasa imepata mwenyewe. "Taimur ulimshika miguu wewe! Ulimshika miguu, nawe unajua!"

"Nilimshika." Mwanamke yule hakujitetea. "Nilimshika nikiomba moyoni awe kama Muhanad. Nilipoona hakauki, nilijua kabla yenu. Na hii damu yako nimeitia friza kwa mkono wangu, sikukosea. Kama ni mvulana, nianze kumlilia akiwa tumboni? Nilitaka nipate hata hiyo miezi michache ya kutojua."

Wafa alikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya kweli, lakini mbele yake alikuwa amekaa mama mtu mzima mwenye mchele kwenye kanga, anayelia kwa pua. Muhanad alishuka akakaa kati yao, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakutaja machungwa.

"Kesho utakwenda kwa daktari," Wafa akasema mwishoni. "Utayasema yote haya wewe mwenyewe. Mimi sitakuwa mdomo wako."

Harusi alikwenda. Alivaa buibui lake la Idi, akapanda bajaji, akasema yote mbele ya Daktari Beatrisi bila kuruka jina hata moja. Daktari naye alikasirika kwa namna yake.

"Mama, hilo neno moja ndilo nililokuwa nalitafuta! Wewe ungesema, na mimi ningeacha kumtuhumu binti wa watu." Akamgeukia Wafa. "Nisamehe. Nilidhani ni yale mambo ya kuchagua watoto."

Kisha akawaeleza taratibu. Si jicho wala laana. Ni damu kukosa kitu cha kuigandisha, na wanawake wa ukoo wanaubeba ugonjwa huo, wengi wao bila kuugua. Binti hatakuwa hatarini sana. Mvulana anaweza kuwa nao au asiwe nao, ni nusu kwa nusu, ndiyo sababu Muhanad alisalimika. Kipimo hiki hakiuoni ugonjwa huu, kitasema jinsia tu. Akiwa wa kiume, Wafa azalie hospitali kubwa yenye dawa za kugandisha damu, mtoto apimwe akitoka tu, na kisu kisimguse mpaka majibu yaonekane. "Na kama anao, hata hivyo anaweza kukua. Siku hizi wanakua."

"Wanakua?" Harusi aliuliza, kama mtu aliyeibiwa.

Damu ikatolewa mara ya pili. Safari hii Harusi alikipakata kisanduku mwenyewe hadi ofisi ya mabasi, amekifunika kwa mtandio, na alipomwona karani anapakia boksi la samaki alimfokea mpaka abiria wakageuka. "Barafu hiyo peleka kule! Kule kabisa! Hii ina mtu ndani!"

Majibu yalikuja Wafa akiwa barazani na Muhanad na Harusi. Edgar alipiga simu kwa furaha zake. "Mvulana, dada! Niandae la buluu?"

"Asante, Edgar. Acha puto."

Aliweka simu chini. Muhanad alisema "Alhamdulillahi" kwa mazoea, halafu akamshika mkewe bega. Wafa alikuwa amedhani atalia. Kilichomjia ni uchovu, na chini yake kitu kigumu kama sakafu, mahali pa kusimama. Sasa anajua. Amepewa miezi yote hiyo, na hana tena haja ya kupigana na mtu.

Harusi akasema, "Nipe simu yangu. Lile kundi letu la wanawake liko wapi?"

Kundi hilo lilikuwa la wanawake wote wa upande wa mama yake Harusi, wa Tanga, Pangani, Unguja hadi Maskati, na kazi yake ilikuwa kutumiana dua, mapishi na picha za maharusi. Harusi alijaribu kurekodi sauti, kidole kikateleza. Akajaribu tena, ikakatika kwenye bismillahi. "Mashine gani hii ya kishenzi!"

Wafa akasogea, akambonyezea, akaishikilia simu mbele ya mdomo wake.

"Ni mimi, Harusi," mama yule akasema. "Nisikilizeni, wala asiniambie mtu ninyamaze. Wavulana wetu hutokwa na damu. Si jicho. Ni sisi tunaowazaa, tunaubeba bila kujua. Sabiri wangu alikufa kwa huo, na Mudathir, na mtoto wa marehemu mdogo wangu. Na Taimur. Taimur nilimshika miguu mimi. Mwenye mimba aende akapime. Mwenye mtoto wa kiume, kisu kisimguse mpaka daktari aione damu yake. Basi."

Wafa aliachia kidole, ujumbe ukaenda. Wakaukodolea macho. Alama za kusikilizwa zikaanza kuonekana, moja, nyingine, nyingi, na hakuna aliyejibu. Harusi alijifunika uso. "Sasa nimewavua nguo wote."

Simu ikalia. Aliyeandika alikuwa Tausi wa Pangani, mjukuu wa mama mdogo wa Harusi, aliyekuwa amejifungua juzi juzi. Wafa akasoma kwa sauti.

"Mamkubwa, wangu anatahiriwa leo alasiri. Daktari yuko njiani."

Harusi alikuwa ameshasimama, anatafuta kandambili zake kwa miguu.

"Mpigie," akasema. "Mpigie sasa hivi, Wafa, mwambie amfungie daktari mlango. Muhanad, washa gari."