Bakari Hatoki Kaburini

Romana wa Nyangamara hakuogopa kufa. Mbingu aliizungumzia kama watu wanavyozungumzia kwao: atamkuta marehemu mumewe, goti litapona, hatatwanga tena. Kilichomtia simanzi ni wanawe wawili. "Nitafika," alikuwa akisema, "halafu nikiulizwa wanangu nimewaachaje, nitajibu nini?"

Mkubwa, Kornelio, alikuwa katekista wetu. Mdogo, Dionis, alikwenda Nachingwea kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, akarudi na mke wa pili. Jumapili iliyofuata Kornelio alimshika mkono mbele ya watu wote, akamtoa kanisani. Kwamba wake wawili si ndoa ya Kikristo, hilo twalijua. Lakini ndugu yako humtoi kama mbuzi aliyeingia shambani! Tangu siku ile hawakusalimiana, na nyumba zao zatazamana. Kila jioni Kornelio alituongoza katika Baba Yetu. Akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alipapita mbiombio kama apitaye penye siafu. Nilikuwa namsikia, nanuna.

Romana akafariki wakati wa palizi. Dionis alikuja mazishini, akasimama mbali na kaka yake.

Mwili ulipofikishwa, Bakari akajitumbukiza kaburini, akalala chali. Bakari ni Mngindo, Mwislamu, mtani wetu, na mtani ana haki hiyo: hulala kaburini, hatoki mpaka wafiwa wamtoe kwa kitu. Hata waliokuwa wakilia walicheka.

"Pazuri hapa," alisema. "Mwacheni Romana akapalilie, nilale mimi."

Kornelio akamwahidi kuku. Bakari akafumba macho. Kornelio akamwahidi jogoo.

"Jogoo wako simtaki. Amekonda kwa kusikiliza mahubiri yako."

"Bakari, jua linakwenda. Mama anasubiri."

Bakari akaketi, na sasa hakuwa na mzaha. "Mama yenu ndiye aliyenituma. Alisema, mtani, siku yangu usipokee kitu. Lala mpaka wanangu wakutoe wote wawili, huyu mkono huu, huyu mkono huu. Akivuta mmoja, usitoke." Akanyoosha mikono yote juu.

Kornelio akamnyooshea Dionis kidole. "Huyu amevunja sheria ya Kanisa."

"Hayo atayamaliza na padre. Mimi nataka mkono tu."

Kornelio akainama ukingoni, akaukamata mkono mmoja, akavuta kwa hasira. Bakari ni pandikizi la mtu, hakusogea. Kornelio akavuta tena. Udongo ukamomonyoka, akateleza, nusura aangukie ndani ya kaburi la mama yake. Dionis alikuja mbio akamdaka mkono, mkono uleule uliomtoa kanisani.

Wakabaki hivyo, wameshikana, wanahema.

"Shikamoo, kaka," Dionis akasema.

 Machozi yalimtoka Kornelio mbele yetu sote, na mimi niliyemnunia nikalia naye. "Marahaba, mdogo wangu," akasema mwishowe. "Nilikuaibisha. Nisamehe."

Wakamvuta Bakari pamoja, akatoka mwepesi kama mtoto, mgongo umejaa udongo.

Kisha Kornelio akaongoza Baba Yetu. Pale pa kusamehe alipasema polepole, neno kwa neno. Ndipo Romana akateremshwa na wanawe, mmoja kichwani, mmoja miguuni.