Trafiki wa Getini

Mimi na pikapu kubwa hatuivi, na sifichi. Sisemi zile za zamani za kubebea mchanga na magunia, zile hazina neno, zinatafuta riziki kama sisi. Nasema hizi mpya, zilizoinuliwa mpaka tairi likufike kifuani, boneti kama ukuta wa jirani mwenye roho mbaya, na ndani kaketi mtu mmoja na chupa yake ya maji. Hazibebi kitu hizo. Zinabeba majivuno.

Mimi nafundisha udereva. Gari langu ni dogo, la chini, lina kibao cheupe chenye herufi L juu ya paa, na lina breki ya pili upande ninaokaa mimi. Breki ile ndiyo inayonirudisha nyumbani kila siku. Mguu wangu umeizoea kiasi kwamba hata nikipanda gari la mtu mwingine, nikiona hatari, nakanyaga. Niliwahi kukanyaga sakafu ya teksi mpaka dereva akaniuliza kama naua mende.

Sasa mtu kama mimi, mume wangu ananiambia anataka pikapu. Tena anasema huku anapiga mswaki, kama vile anaagiza mkate.

"Ukubwa ndio usalama, mama," alisema.

"Usalama wa nani?"

"Wetu. Walio ndani."

"Na walio nje?"

Akatema povu, akacheka, akasema mimi nimezoea kuona ajali hata kwenye sahani ya wali. Nikaenda zangu jikoni, maana nilijua kwamba neno langu la pili lingekuwa tusi. Siku iliyofuata akaenda kuichukua.

Nimtaje na mtoto wetu wa mwisho. Yuko darasa la kwanza, na mtaa mzima unamwita Trafiki. Jina limetokana na mchezo wake na baba yake. Baba akifika kona ya mtaa hupiga honi mara mbili. Mtoto anatoka mbio, anafungua geti, halafu anasimama katikati kabisa, mkono juu, uso kaukunja. Gari linasimama mbele ya pua yake. "Leseni," anasema. Baba anatoa leseni dirishani, Trafiki anaikagua, mara nyingi kaishika juu chini, anairudisha. "Endelea na safari, mzee." Ndipo anapisha. Hawajawahi kuuruka mchezo huo hata siku baba amerudi amechoka hoi. Wifi yangu, ambaye hubaki na mtoto mchana, akisikia honi mbili hata hainui kichwa, anajua baba mtu kafika.

Mchana ule nilikuwa na mwanafunzi wangu Mama Pindo. Ni fundi cherehani, mtu mzima, wajukuu anao. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu anaendesha ukingoni kabisa mwa barabara, utadhani anaipiga pindo. Ana ugonjwa mwingine: honi. Anampigia honi mbuzi, anaipigia miti, anawapigia watu wanaopita zao upande wa pili. Kabla hatujaondoka nilikuwa nimemgombeza.

"Mama, honi si ya kusalimia. Leo sitaki kuisikia."

"Sawa, mwalimu," alijibu, lakini kidole gumba kilikuwa kinamwasha, nilikiona.

Tulikuwa kwenye barabara nyembamba inayoelekea upande wa kwangu, maana tulipanga somo liishie hapo nyumbani. Ghafla kioo cha ndani kikajaa. Sikuona dereva, sikuona kioo cha mbele cha huyo aliye nyuma, niliona vyuma tu, vinang'aa, vimetukaribia kiasi kwamba mngurumo wake niliusikia kwenye kiti.

"Mwalimu," Mama Pindo alisema, sauti imekuwa nyembamba, "huyu anataka nini?"

"Anataka tufe. Wewe tazama mbele. Usikanyage breki, atatupanda."

"Nimpigie honi?"

"Usipige."

Nilisema kwa ukali. Kushoto kwetu mfereji, kulia malori yanakuja. Nimefundisha watu wengi, nimekoswakoswa mara nyingi, lakini kuandamwa na kitu kisichokuona ni hofu ya peke yake. Ukikosewa na dereva anayekuona, unaweza kumlaani usoni. Huyu nani utamlaani, chuma? Mama Pindo alisogea pembeni mpaka majani yakawa yanapiga mlango, na yale mapikapu ya watu, Mungu anisamehe, niliyatukana yote, na walioyatengeneza, na walioyanunua.

Likatupita kwenye kona, mahali ambapo hata kichaa hapiti. Upepo wake ukalitikisa gari letu. Na pale juu dirishani ukatoka mkono unaopunga, wenye saa niliyoinunua mimi mwenyewe.

Simu yangu ikalia hapo hapo. Mume wangu anacheka mpaka anakohoa.

"Umeliona? Umeliona lilivyo?"

"Una akili wewe? Una akili timamu? Nina mwanafunzi humu ndani, mtu mzima kama mama yako."

"Ah, nilikuwa nakutania tu. Lakini mke wangu, gari lako kweli ni dogo. Niliposogea karibu likapotea kabisa. Nikawa naona kale kakibao ka L tu kanaelea mbele ya boneti." Akacheka tena. "Haya, natangulia. Trafiki hajaliona bado, leo atanishikisha adabu."

Akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Kibao changu kiko juu ya paa. Hilo paa, Trafiki halifikii hata akisimama kwa ncha za vidole. Nikamwona mwanangu katikati ya geti, mkono juu, uso kaukunja, anangoja gari lisimame mbele ya pua yake kama siku zote.

Nikapiga simu. Inaita, hapokei. Nikapiga tena. Nilimjua: muziki ameufungulia mpaka mwisho, gari jipya. Nikampigia wifi, nayo ikaita mpaka ikachoka. Alikuwa uani anafua, bila shaka, na simu kaiacha ndani.

"Mama, ongeza mwendo."

"Mwalimu, umesema nisizidishe..."

"Ongeza. Mtoto wangu yuko getini na baba yake hatamwona."

Hakuuliza tena. Labda ungesema kwa nini sikushika usukani mimi. Pa kusimama hapakuwepo, na kubadilishana viti kungekula dakika. Mama Pindo aliacha ukingo, akakamata katikati ya njia yake kama mtu aliyezaliwa kwenye usukani, anabadilisha gia bila kuitazama. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti. Niliomba mtoto awe amelala. Niliomba awe anaumwa, kidogo tu, homa ya siku moja. Mama yeyote atanielewa.

Tukaingia kona ya mtaa wetu.

Pikapu ilikuwa imesimama mbele ya geti, inanguruma, taa nyekundu za nyuma zinawaka. Geti liko wazi. Mtu simwoni. Kwa sekunde moja moyo ulitulia, nikasema ameingia ndani, asante Mungu. Halafu nikatazama chini. Limeinuliwa sana lile gari, na letu ni la chini, kwa hiyo nikaona uvunguni mwote mpaka upande wa pili. Kule mbele, katikati ya tairi na tairi, palikuwa na kandambili mbili za njano, na miguu ndani yake, imekanyaga imara.

Taa nyekundu zikazimika. Ameachia breki.

Nikakanyaga.

Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, breki yangu, ya gari langu. Gari letu likakita hapo hapo katikati ya mtaa, likazima, mikanda ikatubana, na mimi bado nasukuma mguu ule, nasukuma, kana kwamba lile la mbele nalo litasimama. Mita chache tu zilikuwa zimebaki, na ni mimi niliyetusimamisha. Tairi kubwa likaanza kuzunguka, polepole. Zile kandambili hazikusogea.

Mama Pindo akaweka viganja vyote viwili kwenye honi akailalia.

Sijawahi kusikia honi ya gari langu ikilia vile. Mtaa mzima ulitoka. Taa nyekundu zikawaka. Pikapu ikayumba, ikasimama.

Sikumbuki nilivyofungua mkanda. Nakumbuka niko mbele ya lile boneti, na Trafiki yuko pale, kofia ya shule kichwani, kiganja chake kimegusa chuma. Alikuwa amenuna.

"Mama, baba hasimami," alinishtakia. "Nimemwambia simama, yeye anakuja tu."

Nikamshika bega. Nilitaka kumbeba nikimbie naye, lakini kitu fulani kilinikatalia, hasira, nadhani. Nikamwambia abaki hapo hapo alipo. Nikaenda dirishani.

Mume wangu alikuwa ameinama nje, amekasirika. "Kelele za nini hizo? Mnaniaibisha mbele ya majirani."

"Zima gari."

"Kwani nini..."

"Zima."

Akazima. Nyuma yetu Mama Pindo alikuwa analia bila kujificha.

"Usishuke," nikasema. "Tazama mbele. Unaona nini?"

"Naona geti."

"Na nini kingine?"

"Geti, na ua. Maua ya wifi yako." Akaanza kutabasamu, akidhani ni ugomvi wetu wa kawaida. "Trafiki alinifungulia akakimbilia ndani. Leo kaniogopa."

Na kutoka kule chini, mbele ya boneti, kasauti kale kakatoka, kamechoka kungoja.

"Leseni, mzee."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka mingi. Nimemwona akizika baba yake. Uso ule sikuwahi kuuona. Alitazama boneti, akanitazama mimi, akatazama tena boneti. Halafu akafungua mlango na kuteremka, na kwa sababu gari lenyewe ni refu, mguu ulikosa ngazi na akadondokea magoti. Hakujisumbua kusimama. Alizunguka tairi lake jipya hivyo hivyo, akishikilia mpira kwa mkono, mpaka akamfikia mtoto.

Akatoa leseni. Trafiki akaipokea. Akaikagua, juu chini, kama kawaida yake. Akamrudishia.

"Endelea na safari, mzee."

"Hapana, afande," alisema mume wangu. "Nikamate."

Trafiki akageuka kunitazama, maana mchezo wao haukuwahi kufika hapo.